Thadei, Jina Lako Tumelirudisha Nyumbani

Mwaka umekatika, Thadei, tangu tukuzike kwenye shamba letu la Kasokola, na mpaka leo kuna mikono tuliyopewa siku ile ya msiba ambayo tukiikumbuka tunatamani kunawa upya. Tunakuandikia sisi watu wako, na wengine wanaopenda kusoma wasome. Tulikusudia kuanza na maneno matamu peke yake, kama wafanyavyo wenzetu. Lakini mwaka huu tumeona mambo ya kutia kinyaa, nayo yamekuhusu wewe, hivyo utatuvumilia.

Kwanza tukuseme wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ni mzuri kusemwa.

Ulizaliwa Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga, mahali ambapo maji ya kuogopwa ni yale ya jarubani wakati wa masika. Ukaenda kusomea uhandisi wa meli. Ukafanya kazi pwani kwenye meli za kivita mpaka mvi zikaanza, halafu ukaletwa karibu na kwenu, kusimamia matengenezo ya boti za doria kule Karema, ziwani. Majirani wa Mpanda walikuita Kapteni, kwa utani, maana mji wetu hauna maji ya kumtosha hata bata. Ulikuwa unawajibu kwamba kapteni ni dereva tu, wewe ndiye fundi.

Na kuogelea hukujua. Hukuona aibu kulisema. Kila kundi jipya la wanamaji lilipofika kituoni uliwasimamisha kando ya boti ukawaambia, "Mimi sijui kuogelea, kwa hiyo boti ndiyo lazima ijue." Walicheka, halafu wakaona wewe hucheki.

Tunakumbuka ulivyokuwa hukiamini kitu kilichopakwa rangi. Ulikuwa unagonga kila kitu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: sufuria, tangi la maji, geti la jirani. Mzee Uwesu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hajasahau siku uliyosimama dukani kwake ukigonga ndoo moja baada ya nyingine huku wateja wamepanga foleni. "Mhandisi," akakuambia, "ndoo hata ukizipigia hodi hazitakukaribisha. Nunua uende." Ulinunua ile uliyoigonga mwanzo. Mzee Uwesu alicheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji, na urafiki wenu ukaanzia hapo.

Kila uliporudi kutoka Karema ulikuja na samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa, na kabla hujaingia kwako ulipitia kwa Mzee Uwesu na mkewe Hadia uwaachie fungu lao. Ovaroli yako ilinuka dizeli. Mkeo Rozalia aliifua kwenye beseni lake yenyewe na hakuwahi kulalamika, ingawa ulijua kwamba ile harufu haimpendezi. Jioni ulimwambia habari za kazini kana kwamba naye ameajiriwa kule. Alikuwa anachambua mchele huku akisikiliza, na mengi hakuyaelewa, lakini yaliyokukera yalimkaa kichwani.

Ndiyo maana alilijua jambo la ile boti kuliko wengi waliovaa magwanda.

Tuliseme wazi ili asiyejua ajue. Kazi ya kutengeneza boti ile alipewa mkandarasi, naye ni Gelasius. Gelasius huyu mmekua pamoja Mpimbwe, mmechunga pamoja, na alisimama nawe kanisani siku ya ndoa yako. Ulipoikagua kazi yake ulikuta chuma cha ubavuni kimeliwa na kutu. Badala ya kukikata na kuchomelea kipya, mafundi wake walikuwa wameziba matundu kwa puti, ile ya kunyooshea bodi za magari, wakapaka rangi juu. Ulirudi nyumbani siku hiyo ukashindwa kula. Ulimwambia Rozalia, "Wamepaka poda kidonda. Halafu Gelasius ananicheka, ananiambia mbona inang'aa."

Uligoma kuipitisha. Gelasius alikuja nyumbani akabembeleza, akaja tena na mkewe, akaja tena na mchungaji fulani wa kukodi. Ulimpa chai kila mara, na kila mara ulimjibu kwamba urafiki ni wenu wawili na boti ni ya watoto wa watu. Kisha figo zikakuangusha. Ukalazwa hapa Mpanda, na katika siku za mwisho, ulipokuwa huwezi tena kugeuka kitandani, ulimshika Rozalia mkono ukawa unamwonyesha ubavuni mwako mwenyewe, upande wa kushoto, chini ya mbavu. "Hapa," ulisema. "Penye injini. Ndipo pameoza." Wauguzi walidhani unaeleza maumivu, lakini yeye alijua unasema boti.

Ukatutoka. Mungu akupumzishe.

Msiba wako ulikuwa na watu wengi, na walio wengi walikuja kwa moyo safi. Tunawashukuru. Ila Gelasius alilia kuliko mjane. Alilia kwa sauti, akajitupa juu ya jeneza mpaka vijana wakamnyanyua, na aliponyanyuliwa alitazama kwanza kamera iko upande gani. Alikuwa amechapisha fulana zenye sura yako, na mgongoni mwa fulana lipo jina la kampuni yake. Rozalia alizitazama zile fulana zikipita mbele yake na sinia za wali, wewe kifuani unatabasamu, kampuni mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu ufe alisikia kitu kisicho huzuni. Alisikia kichefuchefu. Akaomba apelekwe ndani.

Sasa sikia ya mwaka huu.

Unajua desturi ya ukoo wetu. Jina la marehemu halitolewi kwa mtoto mpaka mwaka uishe, na anayelitoa ni mjane, au mama kama mjane hayupo. Gelasius naye anaijua vizuri kwa sababu kwao ni hapo hapo. Basi mwaka ulipokaribia kuisha alikuja Kasokola na lori la marumaru. Mafundi wakashuka, wakaanza kupanga marumaru juu ya kaburi lako bila kumuuliza yeyote isipokuwa kaka yako Celestin, ambaye ndiye aliyewaonyesha njia. Rozalia alikuwa anavuna karanga. Alipofika, kaburi lilikuwa limeanza kung'aa kama choo cha hotelini.

"Shemeji," Gelasius akamwambia huku amevua kofia, "nimekuja kimila. Mwaka unaisha, na mimi naomba jina."

Rozalia akamuuliza, "Umepata mjukuu?"

"Sina mjukuu. Nina boti."

Hakuelewa mara moja. Gelasius akamweleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemletea mfiwa zawadi. Boti imekamilika, mkuu mpya wa kituo yuko tayari kuipokea, kutakuwa na sherehe Karema, na yeye ameona ipewe jina la Mhandisi Thadei. Jina limeshachorwa na kufunikwa kitambaa. Kilichobaki ni mjane kusimama na kulitamka mbele ya watu.

"Boti ipi?" Rozalia akauliza.

"Ile ile. Ukiiona utasema imetoka dukani leo."

Celestin akadakia. "Ni heshima kwa ukoo, shemeji. Baba yetu alikuwa na jembe tu. Leo jina la mwanawe litembee ziwani. Mimi nimeshasema hewala."

Rozalia aliwaacha wamesimama. Alizunguka nyuma ya jiko la shambani, akatema mate. Kwa nini boti ipewe jina lako na si la mtu mwingine alilijua, kwa sababu Erasmus, yule sajini uliyemfundisha kazi, alikuwa amepita kumsalimia wiki chache nyuma. Erasmus alimwambia wanamaji wana wasiwasi na ile boti. Kila anayeambiwa aipande anauliza swali moja: je, Mhandisi Thadei aliipitisha kabla hajafa? Hakuna wa kuwajibu. Sasa, boti yenye jina la Thadei ubavuni, iliyotamkwa na mke wa Thadei, nani atauliza tena kama Thadei aliikubali? Gelasius alikuwa amekuja kuchukua kwa mjane kile ambacho wewe hukumpa ukiwa hai.

Binti yako Immaculata aliposikia alikuja mbio kutoka Mwamkulu anakofundisha. "Mama, kataa. Mfukuze na marumaru yake."

"Nikikataa wataipa jina la samaki," Rozalia akasema, "na watoto wa watu wataipanda hivyo hivyo."

Akatuma ujumbe kwa Gelasius kwamba atakuja, na kila kitu kifuate mila kama alivyoomba mwenyewe. Immaculata alinuna siku nzima. Celestin alifurahi, akaenda kununua suti.

Thadei, ungeiona ile sherehe ungetapika. Mahema, viti vilivyovishwa vitambaa na kufungwa tai, spika kubwa kuliko jiko letu, na mshereheshaji aliyekuita "shujaa wetu wa chuma" huku akikosea kwenu, mara Sumbawanga, mara Tabora. Bango lenye sura yako lilikuwa limening'inizwa juu ya sufuria za pilau. Na boti yenyewe ilikuwa nchi kavu juu ya magogo, imepakwa rangi ya kijivu, inang'aa mpaka unaweza kujitazama ukinyoa ndevu. Gelasius alikuwa anawapitishia wageni soda yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu mwingi, akimwita kila mtu mheshimiwa. Harufu ya rangi mbichi ilichanganyika na ya pilau, na Rozalia alifunika pua kwa upande wa kanga akakataa kila alichopewa.

Alipoitwa, alisimama karibu na ile boti. Mkuu wa kituo, mtu mpole wa kutoka mbali, alimsogezea kipaza sauti kwa heshima.

"Karibu mama. Tutamkie jina."

"Asante baba. Nimeombwa jina kimila, nami nimekuja kimila. Kwetu mtoto hapewi jina la marehemu akiwa amevaa nguo. Anavuliwa zote, anageuzwa mbele na nyuma, tunamwona mwili wake. Akiwa na kidonda kwanza anatibiwa. Marehemu hapewi mwili ambao hatujauona. Kwa hiyo naomba mumvue huyu."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Mshereheshaji akacheka sana.

"Shemeji jamani," Gelasius akasema, "hiyo ni ya watoto. Hii ni boti."

"Si wewe uliyesema ni mila? Au mila inaishia pale unapotaka wewe?"

Mkuu wa kituo hakucheka. Aliwageukia wazee wa ukoo, yaani Celestin, kwa maana ndiye peke yake aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wazee. "Mzee, ni kweli hiyo desturi ipo?"

Hapa tunakuomba umsamehe kaka yako, kwa sababu sisi tumeshamsamehe. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na suti yake mpya, soda ya Gelasius mkononi, na marumaru ya Gelasius juu ya kaburi la mdogo wake. Alimtazama Gelasius. Gelasius alimkonyeza. Mzee wa watu akajiona anakonyezwa, na tukaona uso wake unavyobadilika, kama mtu aliyeng'ata wali akakuta jiwe. Aliiweka soda chini.

"Ni kweli," akasema. "Tunawavua. Hata mimi nilivuliwa."

Mkuu wa kituo akamwita Erasmus alete kikwanguo. "Mama, tuanzie wapi?"

Rozalia akatembea kando ya boti mpaka upande wa kushoto, penye injini, akaweka kiganja chake pale, chini kidogo. "Hapa. Ndipo mume wangu aliponionyesha."

Erasmus akakwangua. Rangi ikatoka kirahisi, na chini yake ikatoka puti, vipande vipande kama ukoko wa ugali wa jana. Chini ya puti palikuwa na kitu chekundu chenye unyevu. Erasmus akakibonyeza kwa bisibisi, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini bila yeye kutumia nguvu. Alipoichomoa tukaona giza la ndani ya boti. Nyie mnaosoma, huo ndio ubavu ambao ungelala usiku katikati ya ziwa na vijana juu yake.

"Hiyo ni kawaida ya chuma," Gelasius akasema. "Ni kasehemu kadogo tu."

Mkuu wa kituo akaagiza muziki uzimwe. Akamwambia Gelasius wakutane ofisini, na hakumwita mheshimiwa.

Ungedhani sherehe iliishia hapo. Tunalotaka kukuambia, na ndilo lililotuchefua kuliko lile tundu, ni kwamba haikuisha. Dakika chache baadaye tuliona watu wamepanga mstari wa pilau. Wameliona tundu, wengine wamelipiga picha, halafu wakachukua sahani. Mwingine, tena aliyewahi kula migebuka yako nyumbani kwetu, alimfuata Rozalia akamnong'oneza kwamba angelimaliza jambo kifamilia, kwani Gelasius ni mtu wa watu. Mshereheshaji alimwomba mjane apunguze hasira ili wageni wale kwa amani. Rozalia alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini, akamwambia, "Kula wewe. Mimi nikila hapa nitakuwa nimemla mume wangu." Tukaondoka bila kuonja kitu.

Kesho yake alfajiri Celestin alikwenda Kasokola peke yake na nyundo, akabandua marumaru yote kaburini, akayarundika kando ya barabara ili mwenye nayo ayachukue. Mzee Uwesu alikuja na mfuko wa saruji, akasaidia kuuweka msalaba vizuri, akakuombea kwa dua yake. Sasa kaburi lako ni udongo na msalaba, nalo linapendeza.

Tungependa kukuandikia kwamba Gelasius ameona aibu. Hajaona. Tulipokutana naye sokoni alitusalimia kwa furaha, akauliza hali ya shemeji, akasema ajali kazini hutokea. Tunasikia ameshaahidiwa kazi nyingine mahali pengine, na wapo wanaomsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Asiye na haya ana mji wake, walisema wahenga, na huo mji sasa tumeuona.

Kisha Erasmus akapiga simu. Boti inakatwa chuma kibovu chote, kazi wanaifanya wenyewe kituoni, na mkuu anaisimamia. Hilo lilitufurahisha. Rozalia akamuuliza, "Na lile jina?"

"Limefutwa, mama. Mafundi wa Gelasius walilifuta jioni ile ile kabla hawajaondoka."

"Wamelifutaje?"

"Wamepaka rangi juu."

Rozalia hakupumzika. Jumatatu alipanda basi la Karema pamoja na Immaculata. Walipofika walimwomba mkuu wa kituo ruhusa, naye akawaletea ngazi na vikwanguo viwili. Mkeo, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kupanda juu ya kitu kirefu kuliko kitanda, alipanda ngazi ile akiwa amejifunga kanga kiunoni, na binti yako akapanda upande wa pili. Walianza mmoja huku na mwingine kule. Rangi ya juu ikatoka, jina lako likaonekana zima, THADEI, jeupe na zuri, na hapo Rozalia akalia kidogo. Halafu wakaendelea kukwangua, herufi moja baada ya nyingine, mpaka chuma kikabaki kitupu. Wanamaji waliacha kazi zao wakasimama chini wakitazama. Erasmus alijitolea kusaidia, akaambiwa hapana, hii ni kazi ya nyumbani. Waliposhuka, kucha zao zilikuwa zimejaa rangi ya kijivu, na hawakunawa mpaka walipofika Mpanda.

Jina lako liko kwetu, Thadei. Halijapewa mtu bado. Tutakapolitoa, tutakuwa tumemwona anayepewa.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii parokiani, na baada ya misa tutakula nyumbani, wali wetu wenyewe, na migebuka iliyoletwa na Hadia. Aliyekula pilau ya Karema asijisumbue kuja.

Unakumbukwa na mkeo Rozalia, binti yako Immaculata, kaka yako Celestin, ndugu zako wote wa Mpimbwe na Kasokola, Mzee Uwesu na mkewe Hadia waliokuwa majirani wakawa ndugu, na sajini Erasmus na wenzake ambao wako hai.

Wewe tutakukumbuka kwa mapenzi siku zote za maisha yetu. Na wale wengine, Mungu atusamehe, nao hatutawasahau.